Kati ya Tusi na Tafsida

Mke wangu alinikuta jikoni saa nne usiku nikiliambia sufuria neno "uume". Nilikuwa nimeshalisema mara sita au saba, kila mara kwa sauti yake: kwanza kama daktari, halafu kama mchungaji, halafu haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemjua. Akasimama mlangoni na kanga yake, akasikiliza, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia kesho jioni nina kipindi na kidato cha tatu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nafundisha Baiolojia, mwaka wa kumi na moja huu. Shule siitaji, ila ukipanda basi la Mbeya kwenda Tukuyu, ukianza kuona ukungu na magunia ya viazi mviringo yamepangwa kando ya lami, hauko mbali na kwangu. Ni shule ya kata kama nyingine: madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, maabara yenye hadubini moja, na mvua ya kwenye bati inayokunyamazisha katikati ya sentensi.

Mada ya uzazi nilikuwa naifundisha bila aibu yoyote. Siri yake ni Kiingereza. Kwetu sisi Kiingereza ni kama glavu za hospitali, unashika chochote na mkono haugusi kitu. Nilichora mirija, nikaweka namba, wanafunzi wakakariri majina na kuyatamka kwa madaha, "menstrueshen", "fetilaizeshen", kama wanataja vituo vya treni ya nchi wasiyotegemea kuifika. Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyesikia kinachosemwa. Mtihani ukija walifaulu vizuri kuliko mada ya mifupa.

Mwaka 2019 binti mmoja alipata 27 kwa 30 kwenye jaribio la mzunguko wa hedhi. Mwezi uliofuata ikajulikana ana mimba ya miezi minne. Nilikuwa mwalimu wa darasa, kwa hiyo niliitwa ofisini akiwa bado pale, kabla mjomba wake hajaja kumchukua. Sikuwa na la maana la kumwambia, nikamuuliza swali la kijinga: wewe si ulikuwa unaelewa haya mambo? Akajibu taratibu, bila hasira, na ndiyo maana liliniuma. "Nilihesabu siku, Mwalimu. Kama ulivyotufundisha."

Nikaenda kuutazama mchoro wangu. Siku 28, yai linapevuka siku ya 14, mduara safi kama sahani. Mtoto alichukua sahani ile akaipima kwenye mwili wa miaka kumi na sita ambao mzunguko wake ulikuwa haujatulia, mwezi huu siku 24, mwezi ujao 37. Yai hupevuka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayokuja, na inayokuja hakuna anayeiona. Hizo 14 za kuhesabu kutoka iliyopita zinamfaa tu yule mwenye mzunguko wa kwenye kitabu. Halafu yai lenyewe huishi saa 12 mpaka 24 hivi, lakini mbegu za kiume zinaweza kungoja siku tano. Yote hayo nilikuwa nayajua. Hayakuwemo kwenye mtihani, kwa hiyo hayakuwemo kwenye ubao.

Hapo ndipo nilipomwomba mkuu wa shule nipewe Alhamisi jioni, baada ya usafi, niirudie mada yote kwa Kiswahili. Alikubali kwa masharti mawili: nisilete kondomu shuleni kwake, na nisimwandike popote. Sharti la pili nalitimiza hapa.

Sasa rudi jikoni. Nilidhani kazi ni kutafsiri. Nikakaa na kalamu, nikakuta kila kitu mwilini kina majina ya aina mbili. Aina ya kwanza ni matusi, yale ya kuandikwa kwenye ukuta wa choo cha stendi. Aina ya pili ni tafsida: sehemu za siri, kukutana kimwili, mambo ya kikubwa, kuwa kwenye siku zake. Katikati, mahali ambapo mtu mzima anaweza kusimama akamwambia mtoto kitu na kikaeleweka, pana uwanja mtupu. Maneno yenyewe yapo, uume, uke, shahawa, kinembe, kamusi inayo, ila ni kama viti vya wageni vilivyofunikwa nailoni. Tunavyo, hatuvikalii.

Na tafsida nyingine si za heshima hata kidogo ukizichunguza. Watoto wetu tendo lile wanaliita "tabia mbaya", na wamefundishwa na sisi. Matokeo yake mtoto aliyebakwa na jirani anakuja kusema "alinifanyia tabia mbaya", na wakati mwingine, nimelisikia kwa masikio yangu, "tulifanya tabia mbaya". Mtoto wa miaka kumi na tatu, na wingi ule! Kabla hajafika polisi, kabla daktari hajamwona, lugha tuliyompa imeshamweka kwenye kosa pamoja na aliyemkosea.

Alhamisi ya kwanza neno lilitoka. Darasa lililipuka. Mvulana mmoja wa nyuma alianguka na benchi lake, na sidhani kama alijifanya. Nilingoja. Nimejifunza kwamba kicheko cha namna ile ni kama maziwa yanayofura, ukikipigia kelele kinamwagika, ukikitazama kinashuka chenyewe. Kilipotulia, binti wa mstari wa mbele akanyosha mkono. "Mwalimu, na la wasichana utalitaja, au sisi tunabaki kwenye Kiingereza?"

Nikalitaja. Hawakucheka tena kiasi kile.

Maswali yalianza kuja kwa vikaratasi, vingine vimechanwa kwenye kaunta buku na kukunjwa mpaka vikawa saizi ya kidonge. Nilitegemea uchafu, na uchafu ulikuwepo kidogo, lakini vingi vilikuwa vya hofu. Je, ni kweli mara ya kwanza mtu hapati mimba? (Si kweli.) Je, mtu akioga na maji ya chumvi? (Bure kabisa.) Mbona titi moja kubwa? Mvulana akitahiriwa hapati tena VVU? Hili la mwisho lina chimbuko lake hapa kwetu, maana kampeni za tohara zimepita Iringa, Njombe na Mbeya kwa nguvu. Tohara humpunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Vijana waliokaa foleni hizo wengi walisikia "kinga", hawakusikia "kupunguza".

Lililonitisha zaidi ni lile la vidonge. P2, kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo, wanaifahamu wote, inauzwa duka la dawa, na kwenye vikaratasi niliona wengine wanaihesabu kuwa ndiyo dawa ya kuzuia UKIMWI. Walishasikia mahali kwamba kuna dawa ya ndani ya saa 72, na P2 nayo ni ya ndani ya saa 72, basi wakaziunganisha. Nilimaliza dakika arobaini kwenye hilo tu. P2 ni ya kuzuia mimba, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Ile ya kuzuia VVU ni nyingine kabisa, inatolewa hospitali, inaanzwa ndani ya saa 72 na inamezwa siku 28. Niliandika ubaoni safu mbili, wakanakili. Kama kuna kipindi kimoja katika maisha yangu kilichostahili mshahara, ni kile.

Kipindi kingine ningependa kukirudisha. Huku kwetu VVU si habari ya kwenye bango. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Ukikaa Makambako au Tunduma usiku ukatazama malori yamepanga foleni kwenda Zambia, na vibanda vya chipsi, na mabinti wanaouza chai mpaka alfajiri, unaanza kuelewa kwa nini namba zinafuata lami. Mimi nilizichukua namba hizo nikazifanya fimbo. Nilichora ubaoni VVU, mshale, UKIMWI, mshale, kifo. Nikasema ukiingia hapa hakuna kutoka. Darasa likawa kimya, nikatoka najiona nimefundisha.

Kesho yake mwanafunzi mmoja alinifuata nikiwa natoka kwenye zamu. Kiswahili kinanisaidia hapa, kinasema "yeye" na hakidai kujua ni wa kiume au wa kike. Alinisalimia, akakaa kimya kama hatua ishirini, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimezaliwa nao. Nameza dawa tangu nipo darasa la pili." Tukatembea tena. "Ule mshale wa pili, mimi naupita lini?"

Jumamosi nilikwenda kituo cha afya nikaomba kuonana na muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo. Nilijitambulisha kuwa ni mwalimu wa Baiolojia, jambo ambalo baada ya dakika tano nilitamani nisingelisema. Mama yule alinifundisha akiwa anapanga makopo ya dawa, hata hakukaa. Siku hizi wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku. Mwenye kumeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, anaoa, anaolewa, anazaa mtoto asiye na virusi. Akaniuliza, "Mwalimu, unajua kinachowaua hawa watoto wa sekondari? Wakifika geto wanaficha dawa kwenye unga, mwenzake asione. Siku wakipika ugali na mwenzake yupo, hawatoi kopo. Siku moja, mbili, wiki."

Alhamisi iliyofuata nilichora tena, na nilipofika mshale wa pili nikaufuta mbele yao, nikasema nilikosea. Nikaeleza kwa nini. Pia nikawaambia kwamba tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kwenda kupimwa VVU bila kusubiri ruhusa ya mzazi. Maswali yakawa mengi. Yeye alikuwa mstari wake wa tatu, anatazama dirishani, huko nje kuna mparachichi na mbuzi wa mlinzi. Sikumwangalia zaidi ya nilivyowaangalia wengine. Hiyo nayo ni kazi, nilikuja kugundua.

Nimetaja geto, na hapa naomba nikae kidogo, maana wenzangu wengi wanaohubiri wajibu binafsi hawajawahi kulala geto. Shule zetu za kata zina watoto wanaotoka vijiji vya kutembea saa mbili au tatu. Mzazi anampangia chumba karibu na shule, ukuta wa tope, mlango wa mbao usiofunga vizuri. Jumapili jioni mtoto anakuja na furushi: debe nusu la unga, maharage, viazi, mafuta kwenye chupa ya soda. Ana miaka kumi na nne. Yeye ndiye baba, ndiye mama, ndiye mlinzi wa mlango ule.

Unga ukienda vizuri unafika Ijumaa. Usipofika, unaishia Jumatano. Jumatano usiku, baridi ya huku unaijua kama umewahi kufika mwezi wa sita, na kijana wa bodaboda anapita anauliza mmekula? Analeta chipsi mayai. Hadai kitu Jumatano ile. Anadai Jumatano ya tatu. Mimi nikisimama Alhamisi nikasema "binti, jiheshimu, jifunze kusema hapana", nasema kweli, lakini kweli yangu haina unga. Tangu nilipoelewa hivyo nimeacha kuanza na mada ya kusema hapana. Naanza na bajeti ya debe nusu. Tunapiga hesabu ubaoni: vikombe vingapi kwa siku, watu wawili wakichangia chungu kimoja wanaokoa nini, nani kati ya walimu anaweza kuambiwa unga umeisha bila kumtangaza mtu paredi. Mwalimu mwenzangu wa Hisabati aliniuliza hiyo ni Baiolojia ya wapi. Nikamwambia ya Jumatano.

Na wavulana? Kwa miaka mingi shule zetu zilikuwa na kipindi kimoja tu cha kuwafundisha wasichana wajibu: siku ya kufungua shule, mhudumu wa afya anakuja, mabinti wote wanapangwa nyuma ya jengo la utawala, mmoja mmoja anaingia kupimwa mimba. Wavulana wakati huo wanacheza mpira. Nimeishuhudia foleni hiyo na sikusema neno. Wavulana wanachoambiwa ni sheria, na wanaijua kwa kifupi: miaka thelathini. Ndiyo adhabu iliyowekwa kwenye Sheria ya Elimu mwaka 2016 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Wanaitaja kwa mzaha, "utakula thelathini". Lakini pia wanajua, kwa sababu wanaishi vijijini na si kwenye vitabu vya sheria, kwamba kesi nyingi humalizwa nyumbani kwa ng'ombe na kikao, na shahidi haonekani siku ya mahakama.

Nikawatenga siku moja chini ya mparachichi. Mmoja, kijana mwerevu anayekwenda shambani kabla ya shule, akauliza bila kuficha uso: "Nikimnunulia chipsi, nikamwekea vocha, halafu akakataa, si ameniibia?" Wengi wakaguna kukubali. Nikamuuliza, mama yako akienda soko la Mwanjelwa, mwenye machungwa akamkatia kipande aonje, amelazimika kununua? Akafikiri. "Hapana. Ila kipande cha chungwa si chipsi mayai, Mwalimu." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na sitadanganya kwamba nilishinda mjadala ule. Alichofanya ni kurudi wiki ya pili kuniuliza: kwa hiyo ukitoa, toa kile ambacho kikipotea hulii? Nikamwambia anza na hapo. Si jibu la kwenye mwongozo wa malezi. Lake yeye lilikuwa limetoka kichwani mwake, na hilo nililiona ni bora kuliko mahubiri yangu kumi.

Kikao cha wazazi kilinikuta nimejiandaa kwa vita. Baba mmoja alisimama, mtu wa kanisani, mstaarabu, akasema tunawafundisha watoto uzinzi kwa lugha wanayoielewa. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichomkera, kwamba wanaelewa. Sikumwona mjinga, wala leo simwoni. Huku Rungwe Wanyakyusa wa zamani waliichukulia aibu hii kwa uzito kiasi kwamba wavulana wakishakuwa wakubwa walihama kwa baba zao, wakajenga kijiji chao cha rika. Mchana walirudi kulima kwa baba na kula kwa mama, usiku kila kizazi kikalala kwake, mambo ya chumbani ya wazazi na ya watoto yasikutane. Mkwe wa kike alimkwepa baba mkwe hata njiani. Kwa hiyo baba yule aliposema "mimi na binti yangu hatuwezi kuongea hayo", alikuwa anasema jambo lenye mizizi.

Aliyemjibu hakuwa mimi. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, amejifunga vitenge viwili kwa baridi, alisema bila kusimama. "Baba, ni kweli wewe huwezi, na hutakiwi. Sisi tuliambiwa na bibi zetu na shangazi. Sasa huyu mjukuu wangu, mama yake yuko Tunduma anauza mitumba, shangazi yake yuko Dar anafanya kazi za ndani, bibi ni mimi, na masikio haya hayasikii anachoniuliza. Nani amwambie? Mwambie wewe, Mwalimu, mwanangu. Ila usicheke ukiwa unamwambia."

Aibu zamani ilikuwa na wenyewe. Mtu wa kuitunza alikuwepo, na mtu wa kuivunja kwa niaba yako, usiku fulani, kwa maneno fulani, alikuwepo pia. Tumebaki na aibu, wenyewe wamekwenda Tunduma. Nilitaka kulisema hilo kikaoni, nikashindwa, nikasema "asante bibi" na kuendelea na ajenda ya michango ya uji.

Binti wa 27 kwa 30 hakurudi shule. Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alipotangaza kwamba waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi, nilimtafuta mjomba wake siku hiyo hiyo. Akanipa namba. Binti alipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu na kibanda cha vocha. Alisema atafikiri. Baadaye namba ikawa haipatikani.

Jumapili iliyopita tulikuwa jikoni, binti yangu na mimi, tunamenya viazi. Ana miaka kumi na miwili. Umeme ulikuwa umekatika, tumewasha tochi ya simu na kuisimamisha kwenye kikombe. Akaniuliza, bila kuinua macho kwenye kiazi chake, hedhi ikianza mtu akiwa darasani anafanyaje, na je, inauma.

Mimi, wa Alhamisi jioni, wa safu mbili ubaoni, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kamuulize mama yako."

"Nimemuuliza," akasema. "Kasema nije kwako, wewe ndiye unayeongeaga na masufuria."